Mwale Usiomwagika: Kusanifu Kichapuzi cha Kupimia Nyenzo za Mitambo ya Muungano wa Nyuklia

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wahandisi, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine ambayo bado haijakamilika popote duniani, na ambayo ikikosekana sioni ni mhandisi gani mwaminifu atakayetia saini mchoro wa ukuta wa mtambo wa kuzalisha umeme kwa muungano wa nyuklia. Mashine hiyo ni kichapuzi cha chembe. Haikukusudiwa kutafuta chembe mpya wala kuchunguza mwanzo wa ulimwengu. Kazi yake ni kutengeneza nyutroni nyingi, zenye nishati inayofaa, kwa miaka mfululizo, ili tuone jinsi feleji inavyozeeka kabla hatujaikabidhi dhamana ya kulizunguka jua dogo.

Naomba nianze na ukuta wenyewe, kwa sababu masharti yote ya kichapuzi yanatoka huko.

Kiini cha dyuteriamu kinapoungana na cha tritiamu, ambazo zote ni aina nzito za hidrojeni, hutoka nishati ya megaelektronivolti 17.6 (megaelektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe). Sehemu ya tano hivi ya nishati hiyo, yaani 3.5, huchukuliwa na kiini cha heliamu, ambacho kwa kuwa kina chaji ya umeme hushikwa na uga wa sumaku na kubaki ndani ya plasma, yaani gesi ya moto mkali ambayo atomu zake zimeng'olewa elektroni, kikiipasha moto. Zile 14.1 zilizobaki huondoka na nyutroni. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hakuna sumaku inayoweza kuizuia. Inatoka moja kwa moja, inaingia ukutani, na kuendelea hadi ikutane na kiini cha atomu fulani. Ikikigonga kiini cha chuma uso kwa uso inaweza kukiachia nishati inayokaribia megaelektronivolti 1, ilhali atomu ya chuma hung'olewa mahali pake katika fuwele kwa elektronivolti 40 hivi. Atomu iliyogongwa huwagonga jirani zake, nao huwagonga jirani zao, na ndani ya pikosekunde chache hutokea maporomoko ya atomu zilizohama makwao. Nyingi hurudi zikajipanga upya. Zisizorudi huacha nyuma yao nafasi tupu na atomu zilizojibana pasipo pake, na hizo ndizo zinazoifanya metali kuwa ngumu, kuvimba na hatimaye kuvunjika kama kigae.

Wataalamu wa metali huupima uharibifu huo kwa idadi ya mihamo kwa kila atomu. Ukuta unaopokea megawati 1 ya nyutroni kwa kila mita mraba, mwaka mzima bila kukoma, hufikia takribani mihamo 10 kwa atomu iwapo ni wa feleji. Katika mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, ukuta hautarajiwi kuvuka takribani mihamo 3 katika maisha yake yote, kwa sababu mtambo huo ni wa majaribio na haukukusudiwa kuzalisha umeme mchana na usiku. Mtambo utakaoufuata, ambao wasanifu huuita DEMO, unadai nyenzo zitakazostahimili mihamo 20 katika awamu ya kwanza na 50 katika awamu ya pili. Mihamo 50 maana yake ni kwamba kila atomu ya ukuta, kwa wastani, imeng'olewa mahali pake mara hamsini, na bado tunautaka ukuta huo ubebe joto, ushikilie shinikizo la kipozaji, na usipasuke.

Hata hivyo, kuhesabu mihamo peke yake ni kusimulia nusu ya habari. Nyutroni ya megaelektronivolti 14 inaweza kuingia ndani ya kiini cha chuma na kukifukuzia nje kiini cha heliamu. Heliamu hiyo haiyeyuki ndani ya metali. Husafiri hadi ipate nafasi tupu au mpaka kati ya chembechembe za fuwele, hujikusanya hapo ikawa viputo, na viputo hivyo hudhoofisha mipaka ile hasa tunayoitegemea. Katika mazingira ya muungano, kwa kila mhamo mmoja kwa atomu huzaliwa takribani atomu 10 za heliamu katika kila atomu milioni moja za chuma. Ndani ya mitambo ya kawaida ya kupasua urani uwiano huo ni mdogo mno, chini ya 1, kwa kuwa nyutroni zake nyingi hazina nishati ya kutosha kulivuka lango la mmenyuko huo. Kwenye vyanzo vya nyutroni ambamo protoni zenye nishati kubwa hubomoa viini vizito kama vya zebaki au tungsteni, kosa ni la upande wa pili: heliamu inakuwa nyingi kupita kiasi, na pamoja nayo huzaliwa elementi ngeni ambazo ukuta wa muungano hautaziona.

Kwa hiyo feleji kama EUROFER97 ya Ulaya na F82H ya Japani, ambazo zilibuniwa kwa kuondoa molibdeni na niobi na kuingiza tungsteni na tantali ili mionzi yake ipungue haraka baada ya matumizi, zimepimwa sana ndani ya mitambo ya kupasua urani, lakini hazijawahi kupata mihamo na heliamu kwa pamoja katika uwiano zitakaoukuta kazini. Ziko njia za kukaribia hali hiyo, kama vile kuimimina heliamu ndani ya kipande cha metali kwa kichapuzi kidogo huku ioni nzito zikikipiga, nami ninaziheshimu kwa sababu zimetufundisha mengi. Lakini ioni hupenya mikromita chache tu. Mtu hawezi kukata kipande cha kuvutwa hadi kikatike kutoka katika tabaka jembamba kama hilo.

Tangu zamani ilijulikana kwamba dawa ni chanzo cha nyutroni chenye nishati ya muungano. Maabara ya Livermore huko California ilikuwa na mashine iliyoitwa RTNS-II, iliyopiga dyuteroni, yaani viini vya dyuteriamu, kwenye sahani yenye tritiamu, sahani ikizungushwa kwa kasi ili isiungue. Nyutroni zake zilikuwa za megaelektronivolti 14 kamili, na data yake inatumika hadi leo, lakini wingi wake haukutosha hata kukaribia mhamo 1 kwa atomu kwa mwaka. Marekani ilianza pia mradi mkubwa zaidi, FMIT, uliokusudia mwale wa dyuteroni wa miliampea 100 kwenye lithiamu ya kimiminika, nao ukasimamishwa katika miaka ya 1980 kabla haujajengwa. Wazo la lithiamu lakini halikufa. Ndilo lililorithiwa na mradi wa kimataifa wa IFMIF, ulioanza kusanifiwa katika miaka ya 1990, na ndilo tunaloendelea nalo.

Wazo lenyewe ni hili. Dyuteroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa uhusiano hafifu, megaelektronivolti 2.2 tu zinatosha kuzitenganisha. Ukiichapua hadi megaelektronivolti 40 na kuirusha kwenye lithiamu, mara nyingi protoni hunaswa au kupotoshwa njia, na nyutroni huendelea mbele kama abiria aliyeruka kutoka kwenye gari lililo mwendoni. Wigo wa nyutroni hizo ni mpana, lakini kilele chake kiko karibu na megaelektronivolti 14, na uwiano wa heliamu kwa mihamo unaozaliwa katika feleji unafanana na ule wa ukuta wa muungano. Kinachobaki ni wingi. Ili ndani ya ujazo wa takribani nusu lita tupate zaidi ya mihamo 20 kwa atomu kwa mwaka, hesabu za IFMIF zilidai miale miwili, kila mmoja wa miliampea 125, ikitiririka bila mapigo. Zidisha miliampea 125 kwa megavolti 40 upate megawati 5 kwa kila mwale.

Megawati 5 si nambari ya kutisha kwa anayeshughulika na mitambo ya umeme. Kwa msanifu wa vichapuzi ni jambo jingine. Saiklotroni, yaani kichapuzi cha mzunguko, ya taasisi ya utafiti ya PSI nchini Uswisi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa mashine zenye nguvu kubwa zaidi za aina yake, hutoa takribani megawati 1.4 kwa mkondo wa miliampea 2 na ushei. Chanzo cha nyutroni cha ESS mjini Lund, Uswidi, kimesanifiwa kwa megawati 5, lakini kinazifikia kwa kuipa kila protoni nishati ya megaelektronivolti 2,000, na mwale wake hutoka kwa mapigo. Sisi tunataka nguvu ileile kwa nishati ndogo mara hamsini, kwa hiyo mzigo wote unauangukia mkondo. Na mkondo mkubwa kwa nishati ndogo ndiyo hali ngumu kuliko zote katika taaluma hii, kwa sababu ambayo naomba niikalie kidogo.

Dyuteroni zote zina chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana. Zikikimbia kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, uga wa sumaku unaotokana na mwendo wao huzivuta pamoja na karibu kufuta msukumano huo. Hiyo ndiyo bahati ya wenzetu wanaojenga vichapuzi vya nishati kubwa. Sisi hatuna bahati hiyo. Dyuteroni inayotoka kwenye chanzo chetu kwa kiloelektronivolti 100 ina kasi ya asilimia 1 ya kasi ya nuru, na hata ikimaliza safari kwa megaelektronivolti 40 haijavuka sana asilimia 20, mahali ambapo sumaku inapunguza msukumano kwa asilimia 4 tu. Mwale wetu basi unajitawanya kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mita ya mashine ni mapambano ya kuukusanya tena. Mbaya zaidi, msukumano huo haulingani kila mahali. Chembe za katikati na za pembeni hazisukumwi kwa kadiri moja, na mwale usipolingana vizuri na nguvu za sumaku zinazoukusanya, hupumua kwa kutanuka na kubana, na baadhi ya chembe huchota nishati kutoka katika kupumua huko na kutupwa nje. Hivyo mwale hujizungushia ukungu mwembamba wa chembe zilizotengwa. Ukungu huo ndio adui yetu.

Kwa nini tuuogope ukungu mwembamba? Kwa sababu chembe zake hugonga kuta za kichapuzi, na dyuteroni kuliko protoni ni hodari wa kuzalisha nyutroni na kuifanya metali inayoigonga iwe na mionzi. Mashine inaweza kufanya kazi vizuri leo, na kesho pia, lakini mionzi inajilimbikiza kimya kimya ukutani. Haba na haba hujaza kibaba, na siku pampu itakapoharibika fundi hataweza kuingia kuibadilisha. Kanuni inayokubalika katika taaluma yetu ni kwamba upotevu usizidi takribani wati 1 kwa kila mita ya kichapuzi, iwapo tunataka mikono ya binadamu iweze kuifikia mashine baada ya muda mfupi wa kusubiri. Katika mwale wa megawati 5, wati 1 ni dyuteroni moja katika kila milioni tano.

Naomba wanafunzi waliopo wakitafakari kipimo hicho. Mawimbi ya redio yanayoukata mwale wetu vipande yana masafa ya megahezi 175, na kila kipande kina dyuteroni takribani bilioni 4.5. Ukiiga safari ya chembe milioni moja katika kompyuta, kiasi kinachotosha kwa vichapuzi vingi, hutaona hata chembe moja ya upotevu ule unaotafuta. Utahitimisha kwamba mashine yako ni safi, na utakuwa umekosea. Ndiyo maana wasanifu wa IFMIF walilazimika kuiga mamia ya mamilioni ya chembe, na kisha kuurudia uigaji huo mara nyingi wakiisogeza kila sumaku kidogo na kuikosesha kila volti kidogo, kwa sababu mashine halisi haijengwi ikanyooka kama mchoro. Zaidi ya hayo walibadili swali lenyewe. Desturi ni kuzirekebisha sumaku ili kiini cha mwale kiwe chembamba iwezekanavyo. Hapa sumaku zinarekebishwa ili ukungu wa pembeni upungue, hata kama kiini kitanenepa kiasi, kwa kuwa hasara haitoki katikati. Mimi naliona badiliko hilo la swali kuwa jambo lenye thamani kubwa kuliko kifaa chochote nitakachokitaja leo.

Kanuni ya pili inatokana na ya kwanza: kama lazima chembe zipotee, zipotee mapema. Dyuteroni inayopotea ikiwa na nishati ndogo ina madhara kidogo. Ile inayopotea katika megaelektronivolti 30 ni balaa. Ukiukagua mpangilio wa mashine kwa jicho hilo utauona umejengwa kama mlolongo wa vichujio.

Mwanzoni kuna chanzo cha ioni, ambamo mawimbi ya gigahezi 2.45 hupasha elektroni katika gesi ya dyuteriamu hadi gesi yote iwe plasma, na volti 100,000 huzivuta ioni nje. Pamoja na dyuteroni hutoka pia ioni za molekuli tusizozihitaji, kwa hiyo tunavuta takribani miliampea 140 ili 125 zifike. Katika mita mbili zinazofuata kuna jambo la kupendeza: ombwe halifanywi kuwa safi kabisa. Tunaachia gesi kidogo, na wakati mwingine tunaongeza kriptoni kwa makusudi, ili mwale uing'oe elektroni zake na elektroni hizo zijae ndani ya mwale na kuupoza msukumano wake. Gesi ikizidi, dyuteroni zinapotea kwa kugongana nayo. Ikipungua, mwale unatawanyika.

Kisha inafuata kwadrupoli ya mawimbi ya redio. Chombo hiki kilibuniwa katika Umoja wa Kisovyeti na Kapchinsky na Teplyakov mwishoni mwa miaka ya 1960, na sidhani kwamba bila hicho mkutano huu ungekuwa na la kuzungumza. Ni mapezi manne ya shaba yanayoelekeana, yakiwa na mawimbi yaliyochongwa kwenye ncha zake kwa usahihi wa makumi ya mikromita. Uga mmoja wa umeme hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huubana mwale, huukata vipande taratibu bila kuushtua, na kuuchapua. Ile iliyotengenezwa na taasisi ya INFN ya Italia kwa ajili ya mfano wa kwanza ina urefu wa karibu mita 9.8, na inaufikisha mwale wa miliampea 125 kwenye megaelektronivolti 5. Asilimia chache zinazopotea ndani yake zimepangwa zianguke upande wa mwanzo, kabla dyuteroni hazijapata nguvu ya kudhuru. Mlangoni mwa kutokea kuna taya za metali zinazokwangua ukungu kabla haujapelekwa mbele.

Baada ya hapo kazi ya kuchapua inachukuliwa na vyumba vya niobi vinavyopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi takribani kelvini 4.5, ambapo niobi hupitisha umeme bila ukinzani wa kawaida na karibu nguvu yote ya redio huingia ndani ya mwale badala ya kupasha kuta. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa wengi wenu mnaifahamu teknolojia hiyo. Nitaje tu faida ambayo watu huisahau: vyumba hivyo vinaweza kuwa na tundu pana zaidi la kupitishia mwale kuliko vile vya shaba, na tundu pana maana yake ni kwamba ukungu una nafasi ya kupita bila kugusa.

Ulinzi wa mashine nao unastahili kutajwa. Mwale mzima ukipotoka na kuangukia ukuta wa feleji, hauhitaji sekunde wala sehemu ya mia ya sekunde kuutoboa. Mfumo wa ulinzi unapaswa kuutambua upotofu na kukizima chanzo ndani ya makumi ya mikrosekunde, na hapohapo usiwe mwoga kiasi cha kuzima kwa kila kivuli, kwa sababu kila kuzima kuna gharama nitakayoieleza.

Sasa tufike kwenye lithiamu, maana kuna wasanifu wa vichapuzi wanaodhani kazi yao inaishia kwenye tundu la mwisho la mwale, nami siafikiani nao. Hakuna sahani imara inayoweza kupokea megawati 5 katika eneo la sentimita 20 kwa 5. Ukigawanya utapata kilowati 50 kwa kila sentimita mraba, na kwa miale miwili mara mbili yake. Ndiyo maana shabaha ni pazia la lithiamu iliyoyeyuka, lenye unene wa milimita 25 na upana wa sentimita 26, linaloshuka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Karibu lita 100 kila sekunde. Kwa wingi huo wa mtiririko, megawati 5 hazipandishi joto la lithiamu kwa wastani zaidi ya nyuzi 25 hivi. Tatizo ni kwamba joto halisambai kwa wastani. Dyuteroni huachia sehemu kubwa ya nishati yake mwishoni mwa njia yake, milimita 20 hivi ndani ya pazia, na upande mmoja wa pazia hilo uko wazi kwa ombwe la kichapuzi, ambamo kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Suluhisho walilolipata ni zuri mno: lithiamu haishuki wima, bali hutiririka juu ya ukuta uliopinda kwa ndani, na nguvu ya mzunguko huikandamiza kuelekea ukutani. Mkandamizo huo huongeza shinikizo palepale joto linapozidi, na kimiminika hakichemki.

Majaribio makubwa ya pazia hilo yalifanyika Oarai, Japani, ambapo mkondo wa lithiamu wa mita 15 kwa sekunde ulidumishwa siku 25 mfululizo katika nyuzijoto 250, uso wake ukitikisika ndani ya takribani milimita 1. Kwa watu wa mwale, milimita hiyo moja ilikuwa habari njema sana, kwani pazia likipungua unene kupita kiasi, dyuteroni zitalipenya na kuuunguza ukuta ulio nyuma yake. Nasi tuna deni letu kwa watu wa lithiamu: mwale tunaowapelekea lazima uwe mstatili wenye nguvu sawa kote. Mwale wa kawaida ni mnene katikati na mwembamba pembeni, kwa hiyo katika njia ya mwisho tunatumia sumaku zenye ncha nane na ncha kumi na mbili, ambazo huikunja mikia ya mwale na kuirudisha ndani. Sumaku hizo ni hatari zikikosewa, kwa sababu zinafanya kazi hasa juu ya ule ukungu tuliohangaika nao tangu mwanzo.

Miradi inayoitimiza kazi hii leo ni miwili iliyofungamana. Mkataba kati ya Ulaya na Japani ulioanza kutumika mwaka 2007 uliamua kujenga kwanza mfano wa sehemu ya mwanzo ya kichapuzi, hadi megaelektronivolti 9, kwa mkondo kamili. Mfano huo, unaoitwa LIPAc, uko Rokkasho katika mkoa wa Aomori, na vipande vyake vilitengenezwa Ufaransa, Italia, Hispania na nchi nyingine za Ulaya na kuunganishwa huko Japani. Wako waliosema wakati ule kwamba kujenga nusu ya mashine ni kupoteza muda. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu ugumu wa mkondo mkubwa uko katika megaelektronivolti za mwanzo, na ukishazishinda hizo, zilizobaki ni kurudia vyumba vya niobi. Mwaka 2018 protoni zilipitishwa kwa mara ya kwanza katika kwadrupoli ya Rokkasho. Zilitumika protoni kwa kuwa, zikipewa nusu ya nishati na nusu ya mkondo, hutenda sawasawa na dyuteroni bila kuacha mionzi. Mwezi wa Julai 2019 dyuteroni za miliampea 125 zilifika megaelektronivolti 5, kwa mapigo ya milisekunde 1. Kutoka mapigo hayo hadi mwale usiokatika ni safari ndefu, kwa kuwa joto linalojengeka ndani ya shaba hubadili umbo la kwadrupoli na kuihamisha sauti yake, kama ngoma iliyoanikwa juani.

Mradi wa pili ni IFMIF-DONES, huko Escúzar karibu na Granada, Hispania. Huu una mwale mmoja badala ya miwili, miliampea 125 kwa megaelektronivolti 40. Kupunguza mwale mmoja kulipunguza gharama, na kulipunguza pia wingi wa nyutroni kwa nusu. Nilipousoma uamuzi huo mara ya kwanza nilisikitika. Baadaye nilibadili mawazo, kwa kuwa mihamo 20 inayohitajika kwa awamu ya kwanza ya DEMO inaweza kupatikana kwa mwale mmoja katika miaka michache, na mashine inayojengwa ina faida kubwa kuliko mbili zilizo kwenye karatasi.

Hapo ndipo muda unapoingia. Vipande vya kupimwa ni vidogo, vingine vikiwa na unene usiofika milimita 1, vimepangwa ndani ya vidonge vya feleji nyuma tu ya pazia la lithiamu. Kila kidonge kinashikiliwa katika joto lake lililochaguliwa, kati ya nyuzijoto 250 na 550, kwa vipasha joto vya umeme na gesi ya heliamu inayopita kando yake. Joto hilo ni sehemu ya jaribio kama zilivyo nyutroni, kwa kuwa kasoro zilezile za fuwele huganda katika nyuzi 300 na kujiponya katika nyuzi 500. Mwale ukizimika ghafla, nyutroni zilizokuwa zikivipasha vipande kwa ndani hukatika pia, na vipasha joto vina sekunde chache za kuziba pengo. Ukizimika mara kumi kwa siku, mwisho wa mwaka unakuwa umepima feleji iliyopashwa na kupozwa maelfu ya mara, na hutaweza kumwambia msanifu wa ukuta ni uharibifu upi ulitokana na nyutroni na upi ulitokana na wewe.

Kwa sababu hiyo lengo la mtambo mzima ni kuwa kazini asilimia 70 ya mwaka, na kichapuzi peke yake lazima kivuke kiwango hicho kwa mbali, kwa sababu lithiamu na vyumba vya majaribio navyo vitadai siku zao. Asilimia 70 inaonekana ndogo kwa mtu wa kiwanda. Lakini hakuna kichapuzi cha mkondo huu kilichowahi kudumu hivyo. Mwaka 1999 mashine ya LEDA huko Los Alamos ilifikisha protoni za miliampea 100 kwenye megaelektronivolti 6.7 bila mapigo, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa, ila yalihesabiwa kwa saa. Sisi tunahesabu kwa miezi. Vyanzo vya redio vinavyotumia mirija mikubwa ya elektroni huzima mashine nzima mrija mmoja unapochoka, kwa hiyo nguvu ya redio inaelekezwa sasa kwenye vikuza nguvu vya transista, ambavyo ni mamia ya vipande vidogo vinavyofanya kazi pamoja. Kimoja kikifa, vingine vinabeba mzigo wake huku fundi akikibadilisha bila mwale kukatika.

Kwenye hesabu ninazozifanya kwa sasa, swali linalonikosesha usingizi ni dogo na mahususi: mwale unaporudi baada ya kuzimika, elektroni zinazoupoza pale mwanzoni hazijajaa bado, na kwa makumi ya mikrosekunde mwale unaopita si ule tuliousanifia sumaku. Ukungu wake ni mnene kuliko kawaida. Kila kuzima basi kunaleta mmwagiko mdogo wakati wa kuwasha, na mimwagiko hiyo yote imo ndani ya ile wati 1 kwa mita. Kama kuna miongoni mwenu anayeshughulika na plasma hafifu na angependa kulichukua swali hilo, nitakuwa hapa hadi jioni, na ninazo data za uigaji ambazo niko tayari kumpa leo leo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninakaribisha maswali.